Je, Hiari Hutosha Kuwa Haki?

Msomaji kijana, fikiri habari hii. Mwanafunzi wa bweni amepata taarifa kuwa mama yake ni mgonjwa sana, naye hana nauli ya kwenda kwao. Mwenziwe anamwambia, "Niuzie viatu vyako vipya kwa robo ya bei." Viatu vikauzwa. Hapana aliyepigwa wala aliyedanganywa. Bei ilitajwa, ikakubaliwa. Je, mnunuzi ametenda haki?

Watu wengi wa zama zetu watajibu kuwa ametenda. Husema kwamba mtu akisharidhia jambo kwa hiari yake, hakuna tena wa kulaumiwa. Fikira hiyo ilikuwa na nguvu kubwa katika viwanda vya Ulaya katika karne ya 19. Tajiri alitaja ujira, mfanyakazi akaupokea, na mapatano yakahesabiwa kuwa halali, hata kama ujira ule haukutosha kuwalisha watoto.

Mwaka 1891 Papa Leo wa 13 alitoa waraka uitwao Rerum Novarum. Hakukanusha uhuru wa mapatano, wala haki ya mtu kumiliki mali. Lakini alifundisha kuwa iko haki kubwa zaidi, iliyotangulia mapatano yote: ujira usipungue riziki ya mfanyakazi mwenye kiasi na mwenendo mwema. Anayepokea kidogo kwa kuogopa baya zaidi ameshurutishwa, ijapokuwa hakuna mkono uliomshika.

Huenda ukauliza, "Kama hiari haitoshi, nani atakayetuamulia?" Swali hili ni zito, maana wamekuwako watawala waliodai kuijua heri ya watu kuliko watu wenyewe, wakawaonea. Kanisa lenyewe, katika Mtaguso wa Pili wa Vatikano, lilitangaza mwaka 1965 kwamba mtu asilazimishwe katika mambo ya dini. Basi hiari si kitu cha kudharauliwa. Lakini hiari ni mlango wa haki, si nyumba yake.

Turudi bwenini. Mnunuzi yule angaliweza kumkopesha mwenziwe nauli, au kumlipa bei ya kweli. Alichagua kuifanya shida ya mwingine kuwa faida yake. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Kesho utakuwa mwajiri, au mnunuzi wa mazao ya mkulima. Usitosheke kuuliza, "Amekubali?" Uliza pia, "Je, angaliweza kukataa?"