Kati ya msikiti na mto

Jioni, hapa Nyangwe, husimama pale ambapo hatua zangu hadi msikitini ni sawa na hatua hadi ukingo wa Lualaba. Ukingo nauhesabu mstari ulionyooka, msikiti nukta. Mahali pote pa namna hiyo, pakiunganishwa, hufanya mkunjo mmoja: parabola. Ibn al-Haytham wa Basra aliandika juu ya vioo vya umbo hili, vinavyokusanya miale ya jua kwenye nukta hiyo moja.

Tarehe 15 Julai 1871 watu wa soko la Nyangwe walipigwa risasi, na wengi wakazama mtoni humu. Nikimsogelea Mungu, nawaacha? Kwenye mkunjo huu, kila hatua inayonisogeza karibu na msikiti hunisogeza karibu nao, kwa kipimo kilekile.