Fadhila au Ujira?

Neno "ufadhili" limetoka katika "fadhila", na kila neno la ukoo huo huja na mzigo wake. Afadhiliwaye hana budi kushukuru. Na ashukuruye, kwa desturi zetu, hajadiliani. Methali zetu nazo zimeelekea upande huo huo. Fadhila za punda ni mateke, twasema. Fadhili mbuzi, binadamu ana maudhi. Lawama humwangukia mpokeaji. Ni mara chache tumwulizapo mtoaji alitoa kitu gani hasa, na kwa kutarajia nini.

Nataka kuliuliza swali hilo juu ya jambo ambalo wanafunzi wetu hutujia nalo, nalo ni nafasi za masomo wapewazo wanariadha katika vyuo vya Marekani. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington alipovunja rekodi nne za dunia kwa muda wa siku 81, mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980, alikimbilia chuo kikuu cha Texas kilichopo El Paso. Kwa mpango wa namna hii chuo humlipia mkimbiaji karo, malazi, chakula na vitabu. Yeye hutoa miguu yake. Je, hiyo ni fadhila, au ni ujira?

Wenye kusimamia michezo hiyo walijibu zamani, tena walijibu kwa kutunga jina. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliruhusu ufadhili wa wanamichezo mwaka 1956. Mwaka mmoja kabla, Ray Dennison, mchezaji wa kandanda ya Kimarekani katika chuo cha Fort Lewis, Colorado, aliumia kichwa mchezoni akafa. Mjane wake alidai fidia wapewayo jamaa za mfanyakazi aliyefia kazini. Mwaka 1957 Mahakama ya Juu ya Colorado ikamkatalia: chuo hakifanyi biashara ya mpira, na marehemu hakuwa mwajiriwa wake. Katika miaka hiyo likaenezwa jina ambalo kwa Kiswahili tungesema "mwanafunzi-mwanamichezo". Walter Byers, aliyekiongoza chama hicho toka 1951 hadi 1987, alieleza mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1995 kwamba jina hilo lilibuniwa kwa kuogopa wachezaji wasije wakahesabiwa kuwa waajiriwa. Sisi tufundishao lugha yafaa tusimame kidogo hapa. Huwaambia wanafunzi kwamba jina hutaja kitu kilichopo. Jina hili lilitungwa ili kitu kilichopo kisionekane, nalo lilifanya kazi hiyo kwa zaidi ya nusu karne.

Walakini kanuni yenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni ile ya mwaka 1973. Kabla yake mwanafunzi aliweza kuahidiwa miaka minne yote. Mwaka huo chama kikaamuru kwamba ahadi isizidi mwaka mmoja, na kwamba ifanywe upya mwaka hata mwaka. Kijana aliyevunjika mguu, au ambaye mbio zake zilififia, aliweza kujikuta hana karo ya mwaka unaofuata, naye yuko ugenini. Kanuni hiyo ilidumu hadi 2012. Sasa tuipime kwa maneno yetu mawili. Kama ilikuwa fadhila, mbona iliweza kuondolewa pale mpokeaji alipoihitaji zaidi? Tenda wema wende zako, husema wazee. Huyu mfadhili hakwenda zake, alikuwa akingoja mwisho wa njia, saa mkononi. Na kama ilikuwa ujira, mbona aliyeumia kazini hakuwa na fidia ya mfanyakazi? Chuo kilijitwalia uhuru wa mtoa zawadi, ambaye hadaiwi, pamoja na uwezo wa mwajiri, ambaye humwondoa asiyemfaa. Mwanafunzi akaachiwa wajibu wa pande zote mbili, shukrani na jasho.

Wako watakaopinga, na hoja yao si nyepesi. Watasema elimu ya chuo ni mali kubwa kuliko mshahara wowote. Watamtaja Mike Boit, mshindi wa medali ya shaba ya mita 800 mjini Munich mwaka 1972, aliyesoma Marekani hadi kupata shahada ya udaktari, akarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Kenyatta. Ni kweli tupu. Lakini thamani ya kitu haikifanyi kuwa zawadi. Mshahara wa mwalimu husomesha watoto wake, wala hakuna auitaye sadaka. Tena, ikiwa malipo ni elimu, basi yalipwe yakamilike, na kipimo chake kiwe shahada, si msimu wa mashindano. Mwaka 2015 mashirikisho matano makubwa ya vyuo yaliazimia kwamba mwanafunzi asinyimwe ufadhili kwa sababu za kimichezo. Hapo ndipo mpango ulipoanza kufanana na haki, ingawa kwa vyuo hivyo tu.

Tangu hapo neno "ujira" limejitokeza hadharani. Mwaka 2021 majaji wote tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani waliihukumu NCAA katika kesi ya Alston, na mwezi Julai mwaka huo wachezaji wakaruhusiwa kupata fedha kwa majina na picha zao. Mwezi Juni 2025 mahakama ikaidhinisha mapatano yanayoviruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Mgeni, hata hivyo, huingia Marekani kwa viza ya mwanafunzi, na sheria za viza hiyo humbana katika kufanya kazi. Basi katika timu moja mzawa aweza kutia sahihi mkataba wa matangazo, na mwenzake aliyetoka kwetu akaogopa hata kupigwa picha yenye malipo. Yeye bado yumo katika lugha ya fadhila.

Mwanafunzi akiniletea barua ya chuo nimsaidie kuisoma, humwomba anionyeshe mambo mawili tu: ni miaka mingapi imeahidiwa, na akiumia itakuwaje. Yasipoandikwa, tunakaa pamoja tukaandika barua ya kuuliza, kabla hajatia sahihi.