Saa ya Fahari na Thamani ya Wakati

Mwaka 1969 kampuni ya Seiko ya Japani ilianza kuuza saa ya mkononi ya kwatsi, iendeshwayo kwa betri. Leo saa ya namna hiyo, hata ya bei ndogo, hushika majira kuliko saa ya fahari ya Uswisi itiwayo ufunguo kwa mkono, ambayo huweza kuuzwa maelfu ya dola.

Basi, wewe uivaaye hiyo kila siku umenunua nini? Hukununua wakati. Ukipenda ufundi wa kamani na magurudumu yake, hapana lawama. Lakini ukiivaa ili uheshimiwe, umewapa watazamaji mamlaka ya kupima utu wako.

Nawe jipime: kila siku waikumbuka saa yako kwa kuitia ufunguo, je, jirani mgonjwa akungojaye wamkumbuka? Saa ikisimama itatiwa ufunguo tena. Siku iliyopita hairudi.