Uso Uliokatwa ni wa Nani?

Postikadi za Unguja za mwanzoni mwa karne ya 20 zina sura inayofanana. Mwanamke amesimama mbele ya pazia lililochorwa, amevaa kanga, mkono mmoja ameuegemeza kwenye kiti alichoandaliwa na mpiga picha. Studio za A. C. Gomes na za ndugu wa Coutinho zilipiga picha nyingi za namna hiyo, na wasafiri walioshuka melini walizinunua wakazituma kwao Ulaya. Chini ya picha huandikwa kabila, au kazi, au mji. Jina la mwenye uso ni nadra kuwapo.

Msanii wa kolaji ya kidijitali, yaani picha inayoundwa kwa kuunganisha vipande vya picha nyingine, huanzia hapo. Anaipitisha kadi kwenye skana kwa ubora wa juu hadi nyuzi za karatasi zionekane. Kwenye skrini anazungusha mstari wa kukatia pembeni mwa bega, anafuata mikunjo ya kanga, anapunguza mwendo penye nywele na masikio kwa kuwa hapo kosa dogo huonekana mara moja. Pazia la studio linatoweka. Mwanamke anabaki peke yake kwenye tabaka yake. Chini yake na juu yake msanii anaingiza tabaka nyingine: ramani ya Reli ya Uganda, stempu iliyogongwa muhuri, risiti ya duka, ukurasa wa daftari la hesabu wenye doa la chai. Anazipunguza rangi nguvu mpaka zizamiane, na mwandiko wa karani asiyejulikana unapita juu ya shavu la mwanamke asiyejulikana.

Matokeo huwa mazuri kweli, na uzuri huo ndio unaolileta swali. Hapa kimekatwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba hakijakatwa kitu. Kadi imerudi kwenye bahasha yake salama, haina hata alama ya mkasi. Zamani mtu aliyetengeneza kolaji alilazimika kuharibu: gazeti, kitabu, picha ya ukutani. Pablo Picasso alipobandika kitambaa kilichopakwa mafuta chenye chapa ya ukindu wa kiti juu ya mchoro wake mwaka 1912, kipande kile hakikuweza kuwa tena mahali pengine. Hannah Höch wa Berlin, aliyeitengeneza kolaji yake kubwa yenye kutaja kisu cha jikoni kati ya 1919 na 1920, alikata majarida yaleyale ambayo wasomaji wengine waliyasoma na kuyatupa. Gharama ilionekana mezani. Programu ya Photoshop ilipoingia sokoni mwaka 1990, na ilipoongezewa uwezo wa kupanga picha kwa tabaka mwaka 1994, gharama hiyo iliondoka. Uso mmoja unaweza kukatwa mara elfu na bado ukabaki mzima.

Lakini anayedhani kwamba karatasi ndiyo iliyokuwa na thamani amekosea mahali pa kutazama. Kinachokatwa kwenye kolaji ya picha za watu ni uhusiano: kati ya mtu na mahali aliposimama, kati yake na aliyempiga picha, kati yake na wale waliokusudiwa kumwona. Uhusiano huo haurudi kwenye bahasha pamoja na kadi. Kwa hiyo mkasi wa kidijitali haumpunguzii msanii wajibu. Unamwongezea, kwa sababu umemwondolea kile kizuizi cha kusita kabla ya kukata.

Mwanafalsafa Mfaransa Roland Barthes aliligusa jambo hili katika kitabu chake cha 1980 kuhusu picha, kinachojulikana kwa Kiingereza kama Camera Lucida. Kwake, picha hutofautiana na mchoro kwa jambo moja: ni ushahidi kwamba mtu huyu alikuwapo kweli, mwanga uligusa mwili wake ukaacha alama. Katika kitabu hicho anaieleza kwa kirefu picha ya mama yake akiwa mtoto wa miaka mitano. Kimejaa picha za watu wengine, lakini hiyo hakuichapisha. Aliona kwamba kwa msomaji ingekuwa picha ya mtoto yeyote tu, na maana aliyoiona yeye isingesafiri pamoja nayo.

Watu wa Pwani hawahitaji kuelezwa sana kuhusu picha zilizokusudiwa macho ya watu fulani tu. Katika harusi nyingi za Waislamu wa Lamu, Mombasa na Unguja, picha zinazopigwa upande wa wanawake hubaki kwa wanawake. Bibi harusi aliyejipamba kwa hina na dhahabu anajua anatazamwa na nani. Picha hiyo ni amana. Ikitoka kwenye albamu, ikaingia kwenye kolaji na kuning'inizwa mahali ambapo kila apitaye anaitazama, hakuna karatasi iliyochanika, lakini kuna mpaka uliovunjwa, hata kama msanii alikuwa na nia njema na hata kama mwenye picha ameshatangulia mbele ya haki.

Hayo hayamaanishi kwamba kukata na kuunganisha ni kosa kwa asili yake. Lamu yenyewe ina mfano wa kinyume. Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932 na kufariki 1993, alikuwa na studio mjini humo, na miaka mingi kabla ya kompyuta aliunganisha kwa mikono picha za wateja wake na vitu visivyowezekana kukaa pamoja. Mteja alikuja mwenyewe, akaketi, akalipa, akaondoka na ndoto yake ikiwa imechapishwa. Mchezo ulikuwa wa watu wawili, na mwenye uso alikuwa mmoja wao.

Tatizo basi lipo pale ambapo mmoja hawezi kuulizwa. Kesi inayolionyesha vizuri kuliko zote ilitokea Marekani. Mwaka 1850, huko Columbia, South Carolina, mpiga picha Joseph T. Zealy aliwapiga picha watumwa kadhaa, wakiwamo Renty na binti yake Delia, wakiwa wamevuliwa nguo. Aliyezitaka ni Louis Agassiz, profesa wa Harvard, aliyetafuta ushahidi wa nadharia yake kwamba watu weusi walikuwa na asili tofauti na weupe. Picha hizo zilikutwa kwenye dari la jumba la makumbusho la chuo hicho mwaka 1976.

Miaka ya katikati ya 1990 msanii Carrie Mae Weems alizichukua baadhi yake, akazikuza, akazipa rangi nyekundu na kuweka juu yake kioo kilichochongwa maneno yanayowasemesha waliopigwa picha. Weems amesimulia kwamba Harvard ilitishia kumshtaki kwa kuzitumia, kisha baadaye ikanunua sehemu ya kazi hiyohiyo. Mwaka 2019 Tamara Lanier, anayesema yeye ni mzao wa Renty, alikishtaki chuo akidai picha zirudi kwa familia. Mahakama ya Juu ya Massachusetts iliamua mwaka 2022 kwamba sheria haimpi haki ya kuzimiliki, ila aliruhusiwa kudai kwa ajili ya maumivu aliyosababishiwa. Mwaka 2025 pande mbili zilikubaliana, na Harvard ikakubali kuziachia picha hizo ziende kwenye jumba la makumbusho la historia ya Wamarekani weusi, Charleston.

Kesi hiyo inatenganisha mambo mawili ambayo wasanii wengi huyachanganya. Sheria inalinda aliyebonyeza kitufe au aliyehifadhi. Nchini Kenya, kwa mfano, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50, kisha yeyote anaweza kuitumia. Hesabu hiyo haimtaji kabisa aliyesimama mbele ya kamera. Msanii anayejiridhisha kwamba picha "imeshakuwa ya umma" amemlipa mdai mmoja, na yule mwingine bado anasubiri. Wala Weems hakuwa na ruhusa ya Renty. Alichofanya ni kumgeuzia Renty upande wa maneno: pale alipokuwa kielelezo cha kupimwa, akawa mtu anayesemeshwa kwa majonzi.

Msanii Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, naye alifika hapo kwa njia nyingine. Katika mfululizo wake wa katikati ya miaka ya 2000 alitumia michoro ya zamani ya kitabibu ya uvimbe wa kizazi, akabandika juu yake macho, midomo na ngozi kutoka majarida, mpaka karatasi iliyotengenezwa kuonyesha ugonjwa ikamtolea macho mtazamaji. Hakuificha michoro ile. Maandishi ya kitabibu yanasomeka bado, na ukatili wa kumgawa mwanamke vipande unaonekana kwa sababu viungio vinaonekana.

Hapo ndipo kipimo kilipo. Kolaji inamtendea haki mwenye uso pale inapokiri kwamba imemtoa mahali. Kwa anayefanya kazi kwenye kompyuta, hilo lina matendo yake: kuskani pia mgongo wa picha, ambako huwa kuna muhuri wa studio, tarehe, au maneno ya "kwa ukumbusho" kwa mkono wa mtu, kuandika asili ya kila tabaka ndani ya faili, kulitafuta jina la mwenye uso kabla ya kumwita asiyejulikana, na kuziacha baadhi ya nyuso kwenye bahasha zao, kama Barthes alivyofanya.

Haja ya viungio vinavyoonekana imekuwa kubwa zaidi tangu programu zianze kujaza zenyewe palipopungua. Picha ya familia iliyochanika penye kiwiko hukamilishwa kwa sekunde chache: mkono mzima, vidole vitano, hata pete. Mkono unapendeza, lakini hakuna mwanga uliowahi kumgusa mtu mwenye mkono huo. Msanii anaweza kuutumia, lakini auache mchaniko wa karatasi ubaki wazi kati ya sehemu ile na hii, kwa sababu siku moja mjukuu atasimama mbele ya kolaji hiyo akimtafuta bibi yake, naye atahitaji kujua mkono upi ni wa bibi na upi umetungwa na mashine.