Adui Naye Alikuwa Mtoto

Muulize mtu yeyote anayetazama anime imemfunza nini, na kabla hujamaliza swali atakujibu: usikate tamaa. Naruto alidharauliwa na kijiji kizima, akaishia kuwa Hokage. Rock Lee hakuwa na kipaji cha ninjutsu, akafanya mazoezi hadi mwili ukakubali. Ukijumlisha Naruto na Shippuden unapata vipindi 720, na karibu kila kimoja kinakwambia jasho hulipa.

Hilo somo mimi nalishuku. Ukishuka Asumbi, kwenye ile barabara ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay, utakuta misheni, shule na chuo cha ualimu. Jasho liko pale la kutosha. Kwenye barabara hiyohiyo utabebwa na boda ambaye ana cheti cha ualimu nyumbani, amekingoja kimpe kazi mpaka amechoka kuhesabu miaka. Mwambie mtu kama huyo kwamba hakutaka vya kutosha uone kama hutashuka utembee. Halafu, tukiwa wakweli, Naruto mwenyewe alikuwa mtoto wa Hokage wa Nne, na tumboni alikuwa na mbweha wa mikia tisa. Hiyo si jasho peke yake, buda. Hiyo ni koneksheni.

Nadhani kitu ambacho anime hukibadilisha ndani ya mtu ni kingine, na huingia polepole: unalazimishwa kumsikiliza adui. Filamu tulizokulia kwenye vibanda vya video zilikuwa na watu wawili tu, steringi na adui. Adui hakuwa na mama. Alitokea tu, akacheka vibaya, akafa mwishoni, tukaenda nyumbani tukirushiana mateke.

Sasa chukua Attack on Titan, iliyoanza kuonyeshwa 2013 na kumalizika 2023. Misimu mitatu mizima uko ndani ya kuta na Eren, unachukia kila kilicho nje. Msimu wa nne unafungukia ng'ambo ya bahari, kwa watoto waliofunzwa tangu wadogo kwamba mashetani ni watu wa upande wako. Mmoja wao, Gabi, anampiga risasi Sasha, yule msichana uliyempenda tangu siku alipokula kiazi mbele ya mkufunzi. Unataka Gabi afe. Unataka kabisa. Na hadithi haikupi. Inakukalisha naye kipindi baada ya kipindi, inakuonyesha anavyoogopa na anavyodanganywa, hadi ile hasira yako inaanza kukuaibisha.

Nimeona jambo hili likifanya kazi mbali sana na Japani. Nyanya yangu, ambaye sisi humwita dana, amesimulia kisa cha Luanda Magere mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Mnakijua: shujaa wa Wajaluo ambaye mwili wake ulikuwa jiwe, mikuki ya Lang'o ikimgonga na kuvunjika. Maadui wakampa msichana wao aolewe naye. Siku alipougua, akamwambia mke amchanje dawa kwenye kivuli. Damu ikatoka. Msichana akatoroka usiku kurudi kwao na ile siri, na vita vilivyofuata walikichoma kivuli, Luanda akawa jiwe kweli. Kizazi baada ya kizazi somo ni lilelile, chunga nani unamwambia siri yako.

Jioni moja binamu yangu, ambaye simu yake imejaa anime mpaka haina nafasi ya picha, akauliza, "Dana, kwani yule msichana alikosa nini? Si alikuwa anaokoa watu wa kwao?"

Dana alimwangalia kama aliyemtukana marehemu. Kisha akanyamaza, akasema hajawahi kusikia jina la yule msichana. Aliolewa kwa adui kama mtego, akalala kando ya mtu aliyewaua ndugu zake, akakimbia gizani peke yake. Kwao lazima aliimbiwa. Kwetu hata jina hatukumwachia.

Lakini msikimbie kusema anime hutufanya wapole. Kuna Death Note, vipindi 37, na Light Yagami na daftari lake. Akiijua sura yako na jina lako akaliandika, umekufa. Anaanza na wahalifu. Nimewasikia wasee wengi wakisema wapewe hilo daftari wiki moja tu, Bunge litabaki na viti. Tunacheka, lakini ni nusu utani. Hadithi inajitahidi kutuonyesha Light akioza, na bado kuna watu wanaomaliza wakiwa upande wake. Tena Light alihitaji jina. Sokoni kwetu neno moja linatosha, "Mwizi!", na watu ambao hawajui kilichoibwa tayari wameshika mawe.

Ndivyo ilivyokuwa karibu na kwetu mwaka jana. Kijana alishikwa kwa kuiba simu ya mama muuza omena. Simu yenyewe ilikuwa imeshapitishwa mkono mwingine. Watu wakaanza kumpiga, na binamu yangu, ambaye siku hizi anaendesha boda, akaingiza pikipiki katikati ya umati na kukataa kutoka mpaka kijana akapelekwa polisi. Baadaye aliniambia kitu kimoja tu kilimpitia kichwani: Gabi.

Hapo namvulia kofia. Mtu yeyote ana haki ya kuzuia mtu asiuawe, hata kama hajui habari yake yoyote. Kilichofuata ndicho kinanisumbua. Binamu alienda kuulizia habari za yule kijana, akapata kwamba ni yatima, alilelewa huku na kule, yaani ana ile historia kamili ya kukutoa machozi. Akaipeleka kwa mama wa omena na kumwomba aondoe kesi.

Mama akamjibu, "Kijana wangu, wewe umemsamehe mwizi wangu. Mimi nani aliniuliza?" Kwenye simu ile kulikuwa na pesa za chama cha akina mama, na alikuwa akizilipa kidogokidogo kutoka mfukoni mwake. Huo utoto wa mtu mwingine aliuletewa kama deni la pili.

Nikamkumbusha binamu kile alichokiruka. Katika Attack on Titan, kisu cha kulipiza kisasi anapewa baba yake Sasha. Yeye ndiye anayekataa. Aliyefiwa ndiye aliyekataa, si mpita njia aliyeguswa na kisa. Sisi watazamaji tumezoea kuwalilia watu ambao hawakutuibia chochote, na tunafikiri hayo machozi yametupa kura katika kesi za wengine.

Binamu alibisha, alibisha sana. Alisema wanaoumizwa wakiachwa peke yao waamue, hakuna atakayewahi kusamehewa. Sina jibu zuri kwa hilo.

Kesi bado ipo. Mama hajasema ataiondoa wala hajasema hataiondoa. Binamu ameanza kumbebea magunia ya omena bure kila siku ya soko, na mama anamwachia abebe.