Alichokipenda Marehemu

Katika misiba mingi ya Watanzania husomwa wasifu wa marehemu. Karatasi hiyo ina mpangilio wake: alizaliwa lini, alisoma wapi, aliajiriwa na nani, alistaafu mwaka gani, ameacha watoto na wajukuu wangapi. Hapa Berea, Johannesburg, tunaozungumza Kiswahili, wa kutoka Tanzania, Kenya na mashariki ya Kongo, tunaishi juu ya vichwa vya wenzetu katika majengo marefu. Ponte peke yake, lililokamilika mwaka 1975, lina ghorofa 54. Wasifu hutufikia kwa simu. Mfiwa huusoma sebuleni mbele ya majirani, kisha zikachangwa rambirambi. Je, karatasi hiyo inamtendea haki marehemu?

Wasifu wa babu yangu, mzaa mama, ulieleza kwamba alikuwa muuguzi wilayani Rungwe kwa miaka 34. Ulikuwa kweli tupu. Haukueleza kwamba alipenda kutembea porini kuliko jambo lolote. Siku asiyokuwa zamu aliupanda Mlima Rungwe alfajiri, akiwa na fimbo na viazi vya kuchemsha, akarudi jioni mikono mitupu. Hakuwinda, hakuleta kuni wala mitishamba. Alikwenda kutazama tu. Ndiye aliyetusimulia habari za kipunji, kima ambaye wanasayansi walimtangaza kwa ulimwengu mwaka 2005, ilhali wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa na jina lake tangu zamani.

John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, aliyatumia maneno yetu mawili, sasa na zamani. Marehemu, kwa maelezo yake, hubaki katika sasa maadamu yupo aliye hai anayemkumbuka kwa jina. Mbiti alitufundisha kumbukumbu hudumu mpaka lini. Imebaki kuuliza inabeba nini. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 na wauguzi wengi wa Kiingereza wakaondoka, wauguzi weusi 20 kutoka Afrika Kusini walikwenda kuziba pengo, kwa mpango wa chama cha ANC. Historia imewahifadhi kwa idadi yao na kwa huduma yao. Ni wangapi kati yao waliopenda bahari, au kuimba, au kulala mchana?

Yapo mapingamizi, na la kwanza ni la Bibi. Hakuupenda mlima ule. Yeye ndiye aliyebaki na jembe, na wagonjwa waliomfuata Babu nyumbani aliwapokea yeye. Raha ya mmoja hulipiwa na mwingine. Kwa nini basi tuiimbe msibani? Lakini kukumbuka si kusifu. Katika wasifu Bibi ni neno moja tu, mjane. Tukiutia mlima ndani ya habari za Babu, hapo ndipo jembe la Bibi linapoonekana.

Kuna pia jibu rahisi, ambalo wajomba zangu hulipenda: kwamba matembezi yalimpa utulivu, na utulivu ukamfanya muuguzi bora. Huenda ni kweli. Hata hivyo, jibu hilo linauruhusu mlima uingie kwa sharti kwamba nao uwe na kazi. Tumeifukuza faida mlangoni, imeingia dirishani.

Mimi naona hoja yenye nguvu zaidi imo katika kazi yenyewe ya uuguzi. Kitenzi kuuguza kimetokana na kuugua. Kwa umbo lake, kingepaswa kumaanisha kumfanya mtu augue. Katika matumizi, maana yake ni kukaa na anayeugua. Mgonjwa aliye kitandani halimi, hauzi, halipi ada ya mtoto. Muuguzi humwosha na kumgeuza bila kuuliza ana manufaa gani kwa nani. Babu alifanya hivyo kwa miaka 34, akiwaheshimu watu hasa katika saa ambazo hawakumfaa mtu yeyote. Kumkumbuka yeye kwa manufaa yake peke yake ni kumpima kwa kipimo alichokikataa kila siku ya zamu.

Sisi wa Berea tuna sababu yetu ya kulitafakari jambo hili. Nyumbani tunajulikana kwa tunachotuma: ada ya mpwa, mabati ya nyumba, dawa za mama. Si mbali na hapa, upande wa Houghton, ipo bustani ya The Wilds, iliyotengwa kwa ajili ya mimea ya asili ya kusini mwa Afrika. Humo imo miti ya jamii ya podo, ndugu wa ile ya misitu ya Rungwe. Nina majirani wanaokwenda huko Jumapili, wakakaa juu ya mwamba saa nzima bila kusema neno. Picha hawazitumi nyumbani, wasije wakadhaniwa kuwa wamekuja kustarehe. Siku wakifa, wasifu wao utaandikwa na wale waliopokea fedha, na utakuwa wa kweli kama ule wa Babu. Saa ile ya mwambani inamtegemea shahidi aliye hapa, sasa, naye inambidi aseme alichokiona.