Kiwanja Changu, Maji kwa Jirani

Mtu aliyejenga nyumba yake kwa jasho lake, je, ana wajibu wa kuomba ruhusa kabla ya kuongeza chumba? Hapa Maramba swali hili huzuka kila kiangazi, matofali yanapochomwa. Kijana ataka kuoa, vyumba havitoshi, na baba mtu aanza kuchimba msingi uani. Akiulizwa kibali, ajibu: "Kiwanja ni changu."

Jibu hilo hatulidharau. Mnyonge huona ukuta wake ukipigwa alama nyekundu ya X, na ukuta wa mwenye nacho ukipanda bila kuulizwa. Ni haki kunung'unika.

Hata hivyo, kiwanja ni chake, lakini maji yaangukayo kutoka paa lake si yake peke yake. Sisi tukaao chini ya milima ya Usambara twajua mvua ya masika ilivyo. Ongeza bati kumi, na maji yaliyokuwa yakinywewa na udongo wa uani yatamiminika kwenye msingi wa jirani. Chimba choo kipya, na pengine kisima chake ki hatua chache tu. Ndiyo sababu michoro hupita mikononi mwa afisa wa afya na mhandisi. Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 yakataza kuendeleza ardhi bila kibali katika eneo lililotangazwa kuwa la mipango. Nje ya maeneo hayo, katika ardhi ya kijiji, pengine hakuna fomu ya kujaza. Lakini choo na kisima vi pale pale. Wajibu ulikuwapo kabla ya ramani.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa katika Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lilianguka. Watu 36 walikufa. Ilielezwa ya kuwa ghorofa zilikuwa zimezidi zile zilizoruhusiwa. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo watoto waliokuwa wakicheza kando yake, wasio na hisa yo yote katika jengo lile.

Je, aliyepeleka maombi, akangoja miezi bila kujibiwa, kisha akajenga, ana hatia? Twaona ya kuwa sehemu kubwa ya hatia yake yahamia kwa yule aliyeyakalia maombi, hasa kama aliyakalia akingoja "chai". Lakini ukimya wa ofisi haumpi mtu idhini ya jirani. Huyo na amwite jirani, wapime pamoja umbali wa choo, wakubaliane mchirizi wa maji utapita wapi, na nakala ya maombi aitunze. Na afisa naye ajibu kwa maandishi: ndiyo, au hapana pamoja na sababu. Tena aje mwenyewe uani, maana kisima cha jirani mara nyingi hakimo katika mchoro.